Mgongo wa Morio

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Watu wengi humtupia methali hii mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza muhula wa kwanza kisha akalala, au mkimbiaji aliyeanza kwa mbwembwe akaishia kukaa kando ya njia. Lakini methali hii ina upande mwingine, mchungu zaidi, ambao hausemwi sana. Mtu anaweza kutangulia maisha yake yote, asipitwe na yeyote, na siku ya kufika akakuta kwamba yule aliyekuwa akienda naye hayupo. Anayebisha na amtazame Morio Tokunaga wa Kagoshima, aliyemchukua mkewe Sumie wakaenda kutembea Sapporo, mji wa kaskazini, majira ya baridi.

Kagoshima iko kusini kabisa mwa Japani, chini ya mlima unaotema majivu. Huko theluji ni habari ya kusikia, lakini majivu hunyesha, na watu huyafungulia miavuli, kisha huyafagia barazani bila kunung'unika. Tena ni mji ambao wanaume wake wana sifa nchi nzima. Wao wenyewe huiita sifa hiyo heshima. Wake zao wana jina jingine, ila hulitaja jikoni tu. Mwanamume wa Kagoshima wa rika la Morio hatembei na mkewe, hutembea mbele ya mkewe. Hamwiti kwa jina, humwita "Wee". Na akimtambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mke wangu mjinga," na hiyo kwao huhesabiwa kuwa adabu, kwa sababu mtu mstaarabu hasifu cha kwake.

Kwa hiyo Sumie aliujua mgongo wa mumewe kuliko uso wake. Aliujua ulipokuwa mwembamba, siku walipotoka kufunga ndoa, na aliujua uliponenepa, Morio alipopanda cheo katika kiwanda cha pombe ya viazi vitamu. Koti lake la kahawia la baridi lilikuwa limechanika begani siku za nyuma, na Sumie ndiye aliyelishona. Kila walipotoka pamoja macho yake yalikaa juu ya mshono ule. Alishona vizuri, lakini hata mshono mzuri humchosha mtu akiutazama miaka nenda miaka rudi.

Morio alipostaafu, alitangaza mezani kwamba wangekwenda Sapporo kuona sanamu za theluji. Hakumuuliza mkewe kama anataka. Alitangaza, kama alivyozoea kutangaza mambo kazini. Sumie alifurahi hata hivyo, maana tangu utotoni alitamani kuiona theluji iliyolala chini. Usiku huohuo alimpigia simu mdogo wake Hatsue, mjane anayeishi Ibusuki, kando ya bahari.

"Chumba cha mashariki bado kiko wazi, dada," Hatsue alisema. "Nilishakuambia, njoo hata kesho. Au bado unahesabu nyuzi za koti lake?"

"Nimezizoea."

"Mazoea ni maradhi kama maradhi mengine."

Ndipo Sumie akasema jambo alilokuwa amelitunza moyoni kwa muda mrefu. "Sikiliza, mdogo wangu. Huko Sapporo nitamfuata kama siku zote. Sitamwita, wala sitamvuta mkono. Akigeuka mwenyewe, hata mara moja, akanitazama mimi, nitarudi naye nyumbani, na chumba chako ukipangishe. Asipogeuka, nitakuja kwako."

"Mara moja tu? Mbona umemuuzia rahisi hivyo?"

"Ni bei ya jioni, Hatsue. Soko linafungwa."

Basi wakasafiri. Kwenye stesheni ya Sapporo palikuwa na kibanda kilichouza mipira yenye meno ya chuma, ya kuvalisha juu ya viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu. Morio aliitazama, akaigeuza mkononi, akanunua jozi moja. Akaketi benchini akajivalisha.

"Na mimi?" Sumie aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe uko nyuma," Morio alijibu, wala hakuwa na ubaya moyoni. "Anayehitaji meno ni anayetangulia. Wewe utakanyaga nilipokanyaga. Twende."

 Sumie alikuwa amejifunza zamani kwamba hoja za mumewe zina mlango wa kuingilia lakini hazina wa kutokea. Wakatoka nje, theluji ikawa inaanguka taratibu, mapande makubwa mepesi, na moyo wa Sumie ukarukaruka kama wa mtoto. Bila kufikiri akafungua mwavuli wake, kama wafanyavyo watu wa Kagoshima majivu yakianza. Wapita njia wa Sapporo, ambao hujikung'uta theluji mabegani na kuendelea na safari zao, walimtazama wakatabasamu. Naye akacheka mwenyewe. Alitaka kumwambia mtu, tazama nilivyo mshamba, lakini mbele yake palikuwa na mshono tu, nao ulikuwa ukienda haraka.

Siku ile walitembea sana. Wenyeji wa Sapporo wakati wa baridi hupita njia za chini ya ardhi, penye taa na joto, lakini Morio hakutaka. "Tumekuja kuona theluji, hatukuja kuona mashimo," alisema. Akawa anaenda juu, mabega yamenyooka, akitaja majina ya majengo na kueleza kipi kilijengwa kwa matofali na kipi kwa mbao. Alieleza vizuri, maana alikuwa amesoma kabla ya safari. Ila maneno aliyarusha mbele, na upepo ukayachukua, na Sumie akapata vipandevipande. Yeye alikuwa akitazama chini, akitafuta nyayo zenye alama za meno ya chuma, na kila alipoinua macho aone mji aliouota, mguu ulitaka kuponyoka. Mwisho akaacha kuinua macho.

Karibu na mnara mmoja mrefu uliosimama bustanini, Morio akageuka.

Sumie alisimama. Damu ilimpanda usoni, na hata akafungua kinywa, maana hakutegemea kwamba jambo hilo lingekuwa mapema na rahisi namna ile. Lakini upepo ulikuwa umemvua Morio kofia. Ilibingirika ikampita Sumie, naye Morio akampita Sumie akiifuata, akaiokota, akaipiga gotini kuondoa theluji, akampita tena kurudi mbele. "Karibu niipoteze," alisema, akaendelea na habari za mnara. Hakuwa amemtazama. Hata bendera za dukani alizitazama zaidi.

Jambo lile lilimuuma Sumie kuliko lingemuuma kama asingegeuka kabisa. Alijiambia kwamba kofia si hesabu, akaufuata mshono.

Jioni walikuwa wanaenda kula kaa katika mkahawa ambao Morio aliuchagua tangu wakiwa nyumbani. Jua likishazama, theluji iliyokanyagwa na magari mchana kutwa huwa barafu tupu, inang'aa kwenye vivuko kama sahani iliyooshwa. Wenyeji huvuka kwa hatua fupi, wameshikana mikono, waume kwa wake, hata wazee wanaogombana. Morio alivuka kwa meno yake ya chuma, krep krep, bila kupunguza mwendo. Sumie aliweka mguu pale alipoweka yeye. Lakini soli yake ilikuwa laini, na pale palikuwa barafu, si wayo. Miguu ikapaa, naye akatua juu ya mkono wake wa kushoto. Alisikia kitu kikilia ndani ya kiganja, kama kijiti kikavu. Hakupiga kelele. Alikuwa ameahidi kwamba hatamwita.

Mbele ya duka dogo la tambi, hatua chache tu kutoka pale, mwanamke mzee na mumewe walikuwa wakiondoa theluji kwa mabeleshi. Mwanamke yule, Tamiko, ndiye aliyemwona.

"Wewe mzee, tupa hilo beleshi, mama wa watu kaanguka!"

"Nimeona, nimeona. Nina miguu miwili tu, nikupe mmoja?"

"Ningeutaka? Mwenyewe haukufai."

Wakaja wameshikana, huku wakibishana, wakamwinua Sumie mmoja huku na mwingine huku, wakamkalisha kwenye kiti mlangoni pa duka lao. Tamiko aliutazama mkono, akafyonza. "Huu umevunjika, dada. Uko na nani?"

"Na mume wangu."

"Yuko wapi?"

Sumie alinyoosha mkono mzima. Kule mbali, katikati ya watu na taa za rangirangi, koti la kahawia lilikuwa linaenda zake. Mkono wa Morio ulikuwa ukipanda na kushuka, kama wa mtu anayeeleza jambo la maana.

Mume wa Tamiko alikaza macho. "Anaongea na nani yule?"

"Na mimi," Sumie akasema.

Wale wazee wawili wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Kisha mzee akasema, "Nimfuate? Nitampata. Kwenye barafu siwezwi."

"Hapana, tafadhali. Mwacheni. Nataka nione atafika wapi."

Wakampa supu ya moto. Tamiko akamfunga mkono kwa kitambaa na kipande cha ubao, akaita teksi ya kwenda hospitali. "Huku kwetu barafu haijui bwana wala bibi," alisema, akikaza fundo. "Mkitaka kupita salama mshikane, mkitaka kuanguka muachane. Mimi na huyu hatupendani kiasi hicho, lakini toka baridi ianze sijamwachia mkono."

"Anasema uongo," mumewe akasema. "Ananipenda sana, ila ni mbishi."

Ndipo simu ya Sumie ikalia. Sauti ya Morio ilikuwa ya mtu aliyepandwa na hasira kwa sababu ameingiwa na hofu.

"Wee, umepotelea wapi? Mhudumu kaniuliza ni wangapi, nikamwonyesha vidole viwili. Akaniambia, mwenzako yuko njiani? Nikageuka, hupo."

"Umegeuka?" Sumie aliuliza.

"Si nakwambia kaniuliza mwenzako yuko wapi. Uko wapi?"

Sumie alishika simu akatafakari. Basi amegeuka. Lakini aliyemgeuza ni mhudumu wa mkahawa, na alichokikuta nyuma yake ni mlango. Hakujua kama hilo lihesabiwe. Akamtajia duka la tambi, na kwamba mkono umevunjika.

Ni lazima tumpe Morio haki yake: alikuja mbio. Hospitalini alikaa pembeni ya mkewe wakati daktari akimfunga plasta, na uso wake ulikuwa umesawijika. Daktari alipotoka, akasema huku anatazama sakafu, "Nilikuwa nakufungulia njia. Marehemu baba alinifunza hivyo. Mwanamume hutangulia ili kama kuna shimo, atumbukie yeye kwanza."

"Na ulipolipita shimo salama, uliniambia liko wapi?"

Morio alisugua meno ya chuma sakafuni.

"Hiyo njia uliyonifungulia miaka yote hii," Sumie akaendelea, bila kupandisha sauti, "mimi sikuiona hata siku moja. Niliona mgongo wako."

 Kisha Morio akainama, akavua ile mipira yenye meno kwenye viatu vyake, akapiga magoti chini mbele ya mkewe, akaanza kumvalisha. Hakuwa amezoea, mpira ukawa unateleza. Sumie aliona utosi wake kwa mara ya kwanza, na nywele zilivyopungua pale kati.

"Sumie," Morio alisema, bado ameinama. Tangu mtoto wao Kanako azaliwe hakuwa amelitamka jina lile. "Nisamehe, Sumie."

Sumie alilia. Hakulia kwa ajili ya mkono.

Kesho yake asubuhi walitoka pamoja, na hapa pamoja ni pamoja kweli. Morio alimshika mkono mzima, akapunguza hatua, akawa anatembea ubavuni mwake kwa taabu kama mtu anayejifunza kucheza ngoma uzeeni. Mara kwa mara alijisahau akatangulia nusu hatua, akajirudi mwenyewe. Waliona sanamu za theluji: samaki wakubwa kuliko nyumba, mnyama mwenye mbawa, ngome yenye madirisha. Mbele ya ngome ile Morio akamtazama mkewe usoni, akakunja uso.

"Una kidoa cheusi hapa, chini ya jicho."

"Ninacho tangu kuzaliwa."

"Kweli?" Akakitazama tena. "Kinapendeza."

Sumie alicheka mpaka plasta ikamuuma. Alimwambia habari za mwavuli, na yeye akacheka. Alimwonyesha watoto wanaoteleza kwa makusudi, na yeye akatazama alipoonyeshwa. Moyoni Sumie alishaanza kupanga maneno ya kumwambia Hatsue, kwamba chumba akipangishe tu, kwamba huyu mzee amechelewa lakini si haba. Alisema moyoni kwamba mtu aliyesubiri maisha yake yote haoni tabu kusamehe asubuhi moja.

"Mkuu! Mkuu Tokunaga!"

Ilikuwa lafudhi ya Kagoshima, nene, isiyojificha. Kundi la watalii lilikuwa linakuja, na mbele yake ni Sakoda, aliyekuwa chini ya Morio kiwandani kwa muda mrefu. Morio aliuachia mkono wa Sumie kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akasogea mbele hatua, akanyoosha mabega, na Sumie akajikuta anatazama mshono.

"Sakoda! Na wewe huku?"

"Tumekuja na watu wa mtaani. Lo, kumbe mmekuja na mama." Sakoda akainamia Sumie kwa heshima. "Pole sana. Mkono umekuwaje?"

Sumie alifungua kinywa ajibu, lakini Morio alishacheka, kile kicheko chake cha karamuni.

"Huyu mke wangu mjinga. Nilimwambia akanyage ninapokanyaga, jambo dogo tu, mtoto angeliweza. Yeye akawa anashangaa taa. Tangu jana amenifanya yaya wake."

Wanaume waliokuwa na Sakoda wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha adabu, kama tunavyojibu salamu. Sakoda akasema, "Wote ni hivyohivyo, Mkuu, wa kwangu jana kapoteza glavu," na hilo nalo likachekewa. Kisha wakaanza kwenda, Morio na Sakoda mbele, wakizungumza habari za kiwanda na nani sasa anakalia kiti cha nani. Wanawake wakafuata.

Mke wa Sakoda alisogea karibu na Sumie. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkono mmoja una glavu, mwingine hauna. Alitembea hatua chache, halafu akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Na wewe huwa unatazama nini kule mbele?"

"Mshono wa begani," Sumie akasema. "Na wewe?"

"Kisigino cha kiatu. Kimelika upande."

 Mke wa Sakoda alimshika Sumie mkono mzima, wakaenda hivyo, wameshikana, mpaka mwisho wa bustani. Sumie hakuteleza hata kidogo. Alikuwa na meno ya chuma miguuni, na moyo wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyomtisha yeye mwenyewe.

Kundi lilipoondoka, Morio alirudi ubavuni mwake, akaukamata mkono kama vile hakuna kilichotokea. "Wale ni watu wa nyumbani," alisema. "Unajua mambo yalivyo."

"Najua."

"Yale ni maneno ya adabu tu. Usiyaweke moyoni."

"Najua, Baba Kanako."

Morio akaridhika. Katika nyumba yao neno "najua" siku zote lilimaanisha shauri limekwisha, na kweli lilikuwa limekwisha. Hakujua tu limekwisha upande gani. Jioni, Morio akiwa kwenye maji ya moto ya hoteli, Sumie alimpigia mdogo wake.

"Usikipangishe chumba," alisema.

"Hakugeuka?"

"Aligeuka, Hatsue. Aligeuka vizuri sana. Kisha wakaja watu."

Hatsue hupenda maneno, lakini safari hii alikuwa na machache. Alisema tu kwamba atatandika kitanda.

Walipotua Kagoshima, majivu yalikuwa yananyesha. Sumie alifungua mwavuli wake, na hapa hakuna aliyetabasamu. Nje ya uwanja wa ndege mabasi husimama mstari mmoja, la mjini hapa, la Ibusuki pale. Alikuwa amemwambia Morio kwamba begi lake atalibeba mwenyewe, na Morio alidhani ni ujasiri tu, akamsifu. Akatangulia. Barafu haikuwapo tena, mji ulikuwa wake, watu walikuwa wake, na miguu yake ilirudi kwenye mwendo wake wa zamani bila kumwomba ruhusa.

"Wee, harakisha, basi letu hili hapa," alisema, akiyarusha maneno mbele.

Sumie alisimama penye nguzo ya basi la Ibusuki, akaliweka begi chini. Alitazama mshono ukienda. Alikuwa ameapa asimwite, lakini ghafla aliona kiapo kile ni kitu kidogo, na miaka ile yote ni kitu kikubwa, na kwamba mtu anayezama hurushiwa hata kamba mbovu. Akamwita. Hakusema Baba Kanako, kwa maana huyo alikwishaitika vya kutosha. Alimwita mtu mwenyewe.

"Morio!"

Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuwageuza watu watatu wanne. Morio hakugeuka. Hakuwa ameziba masikio, na wala hakuwa amekasirika. Tangu waoane mkewe hakuwa amemwita kwa jina lake, hata siku moja, basi aliposikia mwanamke anamwita Morio alidhani ni Morio mwingine, wa mwanamke mwingine. Alimfikia mpakia mizigo. Yule akamuuliza ni wangapi. Morio akainua vidole viwili, akapanda.

Sumie alimwona kupitia vioo akitafuta viti. Alimwona akiacha kiti cha dirishani kwa ajili yake, akakaa upande wa njia. Mlango ukafungwa. Basi lilipoanza kuondoka ndipo Morio akageuka. Hakuna aliyemuuliza kitu, kofia yake ilikuwa kichwani, na hapakuwa na mtu anayemfahamu wa kumwona. Aligeuka mwenyewe, akamtafuta kiti kwa kiti, kisha akasogea dirishani, akamwona chini, kwenye majivu, na mwavuli wake. Walitazamana. Uso ule Sumie aliusoma wote, na ndio uso alioungoja tangu walipotoka kufunga ndoa. Mdomo wa Morio ulifunguka ukatamka kitu, pengine Sumie, pengine Wee. Kioo kilikuwa kizito na basi lilikuwa limeshika njia, nalo halisimami mpaka mjini.

Basi la Ibusuki lilipofika, dereva alimuuliza ni wangapi. Sumie alijibu kwamba ni mmoja, akapanda, akakaa dirishani. Na Morio, aliyetangulia kila mahali, alifika nyumbani jioni ile kabla ya watu wote, akafungua mlango, akaita "Wee" gizani mara moja, akakumbuka. Naam, kutangulia si kufika.